Chombo kilichodhani kimeshatua: dakika sita za Mirihi na ishara iliyosikika Malindi

Saa 6:29 usiku, kuamkia Jumanne ya Machi 15, 2016, antena iliyoko Malindi, pwani ya Kenya, ilinasa ishara ya redio kutoka kwenye chombo cha anga za juu. Chombo hicho kilikuwa kimerushwa Jumatatu saa 6:31 mchana kutoka Baikonur, Kazakhstan, kwa roketi ya Urusi. Ishara ikapelekwa Darmstadt, Ujerumani, kwenye chumba cha uongozaji cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA. Waliokuwa wakisubiri kwa karibu saa 12 wakapumua. Chombo kilikuwa kizima, na safari ya kwenda sayari ya Mirihi ilikuwa imeanza.

Miezi 7 baadaye, Jumatano ya Oktoba 19, sehemu ya chombo hicho iliyotakiwa kutua ilijibamiza ardhini ikavunjika. Ilikuwa juu, kilomita 3.7 kutoka ardhini, wakati kompyuta yake ilipoamini kwamba imeshatua salama.

Tumeamua kuieleza habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, kila tunaposoma habari za vyombo vinavyotua kwenye sayari nyingine, kuna wasikilizaji wanaotuuliza: nani anakiendesha? Na kama ni mataifa tajiri yenye wataalamu, mbona vinaanguka? Pili, safari hii ilipita kwa jirani yetu, na hilo halisemwi sana.

Malindi ni karibu kuliko tunavyodhani

Ukisimama Usangi ukatazama mashariki, chini yako kuna Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Ukiendelea na mstari huo huo unavuka Tsavo, na kabla hujamaliza kilomita 300 umefika Malindi. Huko Waitaliano wamekuwa na kituo cha anga za juu tangu miaka ya 1960. Kati ya 1967 na 1988 walirushia setilaiti 9 kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini, linaloitwa San Marco. Moja ya hizo, ya Marekani, ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya. Ndiyo maana ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani, na jina lake bado linatajwa na wanasayansi.

Siku hizi hakuna roketi zinazoruka kutoka pale. Kinachofanyika ni kazi tunayoielewa vizuri sisi watu wa redio: kusikiliza. Dunia inazunguka, kwa hiyo kituo kimoja hakiwezi kukiona chombo muda wote. Ndipo mashirika makubwa yanapohitaji antena katika sehemu mbalimbali za dunia, na Malindi, karibu na mstari wa Ikweta, ni mojawapo.

Chombo kilichosikika usiku ule kilikuwa na sehemu mbili zilizosafiri pamoja. Ya kwanza, Trace Gas Orbiter, ilikuwa ya kuzunguka Mirihi na kupima gesi zilizo kwenye hewa yake. Ya pili, iliyobebwa na ya kwanza, ilikuwa ya kutua. Iliitwa Schiaparelli, jina la mwanafalaki wa Italia aliyechora ramani ya Mirihi karne ya 19. Ilikuwa na uzito wa kilo 577, kama magunia sita ya mahindi ya kilo mia mia. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwathibitishia Wazungu wa Ulaya kwamba wanaweza kutua Mirihi, ili baadaye watume gari la utafiti.

Kwa nini hakuna dereva

Mtu anaweza kudhani kuna rubani ameketi Ujerumani na usukani mkononi. Hayupo, na hawezi kuwepo.

Ishara ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa umbali wa hapa duniani ni kama papo hapo. Lakini siku ile Mirihi ilikuwa mbali kiasi kwamba ishara ilichukua karibu dakika 10 kufika duniani. Safari yote ya kushuka, kutoka kugusa hewa ya juu hadi kukanyaga ardhi, ilipangwa kuchukua dakika 6.

Weka hesabu hiyo kichwani. Chombo kinapotuma ujumbe kwamba kimeanza kushuka, ujumbe unafika duniani kikiwa kimeshafika chini dakika nne zilizopita, kizima au vipande. Ukisema umpe amri ya kumwokoa, amri nayo itachukua dakika 10 nyingine kufika. Hakuna la kufanya ila kukaa na kusubiri.

Anayepanda gari kutoka Usangi kushuka Mwanga anajua mteremko ule. Dereva mzoefu hangoji kona imfikie. Anashusha gia mapema, anasikiliza injini, anaangalia ukungu, na akiona jambo halieleweki anasimama. Sasa fikiria gari hilo halina dereva. Maagizo yote yameandikwa kabla ya safari: ukifika kasi hii, fanya hivi, ukibakiza mita hizi, fanya vile. Gari lina vifaa vya kupimia, na lenyewe linaamua lini amri ipi itekelezwe. Halina breki za kusimama katikati ya kilima. Hivyo ndivyo chombo kinavyoshuka Mirihi.

Hatua kwa hatua, kama zilivyopangwa

Mirihi ina ugumu wake. Nguvu ya uvutano ni kama asilimia 38 ya hapa kwetu, yaani gunia la kilo 100 ungelibeba kama la kilo 38. Hilo linasaidia. Lakini hewa yake ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa hapa duniani. Hewa hiyo inatosha kukichoma chombo kinachokuja kwa kasi, ila haitoshi kukishusha taratibu kwa parachuti peke yake. Kwa hiyo wahandisi hulazimika kutumia njia kadhaa, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni ngao ya joto. Saa 11:42 jioni kwa saa zetu, Schiaparelli ilitakiwa kuingia kwenye hewa ya juu ya Mirihi ikiwa kilomita 121 kutoka ardhini, kwa kasi ya kilomita 21,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo ungetoka Usangi ukafika Malindi kabla dakika moja haijaisha. Ngao iliyo mbele inasuguana na hewa, inapata joto kali, na inapunguza kasi mpaka kilomita 1,700 kwa saa.

Hatua ya pili ni parachuti, lenye upana wa mita 12, likifunguka chombo kikiwa kama kilomita 11 juu.

Hatua ya tatu, sekunde 40 hivi baadaye, ni kuitupa ngao ya mbele ambayo kazi yake imekwisha. Sasa rada iliyo chini ya chombo inaweza kuiona ardhi na kuanza kupima umbali.

Hatua ya nne, kikiwa zaidi kidogo ya kilomita 1 juu na kasi ya kilomita 240 kwa saa, chombo kinaliachia parachuti pamoja na kifuniko cha nyuma, kisha kinawasha injini ndogo 9 zinazosukuma kwenda chini ili kupunguza kasi.

Hatua ya tano ni kuzima injini zikiwa zimebaki kama mita 2, na kuangukia ardhini juu ya kitako kilichotengenezwa makusudi kibonyee na kumeza kishindo.

Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukiachia parachuti mapema mno, injini hazitatosha. Ukizima injini mapema mno, umejiangusha mwenyewe. Kwa hiyo swali moja linaamua kila kitu: sasa hivi tuko juu kiasi gani?

Sekunde moja

Ngao ilifanya kazi. Parachuti lilifunguka. Ngao ya mbele iliachiwa, na rada ikawaka na kupima vizuri. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa.

Lakini parachuti lilipofunguka, chombo kilizunguka na kuyumba kwa nguvu kuliko wahandisi walivyokadiria. Ndani kulikuwa na kifaa cha kupima mzunguko, kinachoiambia kompyuta chombo kimekaaje: wima, kimeinama, au kimepinduka. Kifaa hicho kilifika mwisho wa uwezo wake. Ni kama mizani ya kilo 100 ukiiwekea gunia la kilo 120. Mshale unagota mwisho na kubaki pale. Hausemi uongo kwa makusudi, ila hauwezi kusema ukweli.

Hali hiyo ilidumu kama sekunde moja tu. Tatizo ni kwamba kompyuta iliuamini mshale uliogota. Ikajumlisha kipimo hicho kwenye hesabu zake, na matokeo yake ikaamini kwamba chombo kimepinduka karibu kabisa, miguu juu, kichwa chini. Na haikujirekebisha.

Hapo ndipo rada nzima ilipogeuka kuwa chanzo cha ajali. Rada hupima umbali tu, kama kamba iliyofungwa jiwe. Haijui juu ni wapi na chini ni wapi. Kompyuta ndiyo inayochukua umbali huo na kuulinganisha na jinsi chombo kilivyokaa. Rada ikasema: upande wa miguuni, kuna ardhi kilomita kadhaa mbele. Kompyuta, ikiamini miguu imeelekea juu, ikahesabu kwamba ardhi iko juu yake. Kwa maneno mengine, chombo kiko chini ya ardhi.

Urefu uliotoka ulikuwa pungufu ya sifuri. Kwa hesabu ya mashine, ikiwa uko chini ya ardhi maana yake umeshapita mahali pa kutua. Basi ikatekeleza hatua zilizobaki haraka haraka. Ikaliachia parachuti. Ikawasha injini kwa sekunde 3 hivi badala ya 30, ikazizima. Ikawasha vifaa vya kazi za ardhini, kama mgeni aliyefika nyumbani na kuanza kufungua mizigo. Yote hayo yakiwa yanafanyika angani, kilomita 3.7 juu. Kilichobaki ni kuanguka, na ESA ilikadiria kwamba kiligonga ardhi kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Fikiria karani wa mizani ya kahawa. Gunia limekaa juu ya mizani, na namba inayotokea ni pungufu ya sifuri. Hata mtoto wa shule aliyesimama pembeni atasema, "Hapana, hiyo mizani ina tatizo." Karani ataondoa gunia, atazima, atawasha, atapima upya. Hahitaji shahada. Anahitaji tu kujua kwamba gunia haliwezi kuwa na uzito pungufu ya hewa. Kwenye Schiaparelli hakukuwa na mtu wa kusema hivyo, na kompyuta haikuwa imefundishwa kujiuliza swali hilo.

Kimya, na kile kilichosikika kabla yake

Nchini India, karibu na mji wa Pune, kuna darubini kubwa ya redio yenye antena nyingi. Siku ile ilielekezwa Mirihi, ikainasa ishara dhaifu ya Schiaparelli ikishuka. Kisha, muda mfupi kabla ya wakati uliopangwa wa kutua, ishara ikakatika. Mtu yeyote aliyewahi kukaa studio anajua uzito wa kimya kisichotarajiwa hewani. Unajiuliza kama ni waya, ni mtambo, au ni umeme. Usiku ule hawakuwa na jibu.

Siku iliyofuata, chombo cha Marekani kinachozunguka Mirihi kilipiga picha. Zilionyesha doa jeusi mahali ambapo Schiaparelli ilianguka, na doa jeupe umbali fulani kutoka hapo. Lile jeupe lilikuwa parachuti.

Hata hivyo chanzo cha ajali kilijulikana mapema. Mwezi uliofuata ESA ilikuwa imeshaeleza habari ya sekunde ile moja, na Mei 2017 ikatoa ripoti ya uchunguzi. Iliwezekana kwa sababu Schiaparelli ilikuwa ikizungumza wakati wote inaposhuka. Vipimo vyake vilikuwa vikitumwa kwa redio kwenda kwa mwenzake, Trace Gas Orbiter, ambacho siku hiyo hiyo kilifanikiwa kuingia kwenye mzingo wa Mirihi na kuhifadhi kila kilichosemwa.

Linganisha na chombo cha Uingereza kilichoitwa Beagle 2. Kilitakiwa kutua Mirihi siku ya Krismasi ya 2003. Hakikuwa na redio ya kuzungumza wakati wa kushuka. Kilitakiwa kuita kikishafika chini. Hakikuita. Kwa miaka 11 hakuna aliyejua kama kiliungua, kiligonga au kilipotea. Mwaka 2015 kilionekana kwenye picha kikiwa kimekaa ardhini. Kumbe kilitua, ila mabawa yake ya umeme wa jua hayakufunguka yote. Ajali moja ikaacha somo ndani ya wiki chache, nyingine ikaacha fumbo la zaidi ya miaka kumi. Tofauti yao ilikuwa redio.

Kosa lenye ndugu

Tungependa kusema Schiaparelli ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Sivyo.

Desemba 3, 1999, Wamarekani walikipoteza chombo chao Mars Polar Lander karibu na ncha ya kusini ya Mirihi. Nacho hakikuwa kikizungumza wakati wa kushuka, kwa hiyo wachunguzi walibaki na makisio. Waliloliona kuwa na uwezekano mkubwa kuliko yote ni hili: miguu ilipofunguka angani ilitikisika, vihisio vya miguuni vikatafsiri mtikisiko ule kama kugusa ardhi, na kompyuta ikazima injini kikiwa bado juu, kama mita 40.

Aprili 25, 2023, kampuni ya Japani iitwayo ispace ilijaribu kutua Mwezini. Chombo chake kilipita juu ya ukingo wa shimo kubwa, na rada ikaonyesha ardhi imeshuka ghafla kwa kilomita kama 3. Rada ilikuwa sahihi. Lakini kompyuta iliona badiliko hilo ni kubwa mno kuaminika, ikaitupilia mbali rada na kutumia makadirio yake. Ikadhani imefika sifuri ikiwa kilomita 5 juu. Ikaendelea kushuka polepole mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka.

Tazama jinsi matukio haya yanavyopishana. Schiaparelli iliamini kifaa kilichokuwa kimekosea. Chombo cha Japani kilikikataa kifaa kilichokuwa sahihi. Kwa hiyo somo si kwamba mashine ishuku kila kitu, wala iamini kila kitu. Somo ni kwamba kushuku nako kunahitaji kupangwa na mtu, mapema, kwa kufikiria mambo ambayo hayatarajiwi. Ripoti ya Schiaparelli ilisema hivyo hivyo: kompyuta iwekewe maswali ya akili ya kawaida, kama lile la urefu kutokuwa pungufu ya sifuri. Ilisema pia kwamba mahesabu ya namna parachuti linavyotikisa chombo yalifanywa bila kuacha nafasi ya kutosha ya mashaka. Vyuma vilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni ukaguzi uliotakiwa kufanyika mezani, miaka kadhaa kabla ya roketi kuondoka.

Kwamba inawezekana tumeshaona. Februari 18, 2021, saa 5:55 usiku kwa saa zetu, habari zilifika duniani kwamba gari la utafiti la Marekani, Perseverance, lenye uzito wa zaidi ya tani moja, limetua. Lilishuka kwa dakika 7, nalo bila rubani. Lakini lilikuwa na kamera iliyokuwa ikiitazama ardhi na kuilinganisha na ramani iliyohifadhiwa ndani, likajua lilipo na kukwepa mawe na makorongo. Na muda wote lilikuwa likizungumza.

Je, ilikuwa hasara?

Kuna wanaosema fedha za aina hii zingejenga zahanati. Hatuwabezi. Mtu anayembeba mgonjwa kwa machela kushuka mlima ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini fedha zile hazikuwa za bajeti yetu, na hata kama chombo kisingerushwa zisingefika hapa. Swali linalotuhusu zaidi ni hili: kazi hii inapofanyika jirani, sisi tunapata nini?

Kenya imekuwa ikiliuliza swali hilo kwa miaka mingi kuhusu Malindi. Mwaka 2016, mwaka ule ule wa Schiaparelli, Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya kuhusu kituo hicho, unaogusa pia mafunzo ya Wakenya na matumizi ya takwimu za setilaiti. Mwaka 2017 Kenya ikaanzisha shirika lake la anga za juu. Aprili 15, 2023, setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa kutoka California kwa ajili ya kupiga picha za ardhi zitakazosaidia kilimo na mazingira. Rwanda na Uganda nazo zimeshapeleka setilaiti ndogo. Tanzania imetangaza nia ya kuwa na ya kwake.

Kwa maoni yetu, kipimo kisiwe tu idadi ya setilaiti zilizorushwa. Antena ya Malindi ilisikia chombo kikiwa kizima. Lakini waliokaa kusoma vipimo vya dakika sita zile, wakaitafuta sekunde moja iliyokosewa na kuipata, walikuwa Ulaya. Ujuzi wenyewe uko kwenye kazi hiyo. Kusikia ni mwanzo, kuelewa ulichosikia ndiko kunakolipa. Mkataba wowote wa kituo, wa antena au wa setilaiti, unafaa kuulizwa: ni vijana wangapi wa kwetu wataketi kwenye meza ya kusoma vipimo?

Na kijana anayesoma makala hii kwa simu akiwa sekondari ajue kwamba kazi ile haikuhitaji miujiza. Rada na jinsi chombo kilivyokaa ni hesabu ya pembe, ile inayofundishwa darasani na wengi wetu tukaiona haina matumizi. Pembe ikivuka nyuzi 90, alama inageuka kutoka chanya kwenda hasi. Schiaparelli ilianguka kwenye alama hiyo ya hasi.

Kinachofuata

Gari la utafiti ambalo Schiaparelli ilitumwa kulitengenezea njia bado halijaondoka. Linaitwa Rosalind Franklin. Lilipangwa kuondoka 2020, likaahirishwa baada ya matatizo kadhaa, yakiwemo maparachuti yaliyochanika kwenye majaribio. Likapangiwa 2022, lakini vita vya Ukraine vikavunja ushirikiano wa Ulaya na Urusi. Sasa limepangwa kurushwa 2028. Mwenzake Schiaparelli, Trace Gas Orbiter, kimeendelea na kazi huko juu, kikipima gesi na kupokea habari kutoka kwa magari ya Marekani yaliyo ardhini na kuzituma duniani.

Siku gari hilo litakaposhuka, itakuwa vilevile. Hakutakuwa na dereva. Kutakuwa na dakika chache, kompyuta peke yake, na watu duniani wanaosikiliza jambo lililokwisha kutokea. Tutawasomea habari hiyo, iwe nzuri au mbaya. Na tukisikia kwamba limefika, swali la kwanza la kuuliza tunalijua sasa: limefika kweli, au limedhani limefika?